"Hauvunjiki, kwa hiyo hauna mizizi": hapana

Juzi tena. Daftari la mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Arua, swali ni kutatua mlinganyo x² − 6x + 7 = 0, yaani kutafuta mizizi yake: thamani za x zinazoufanya uwe kweli. Pembeni ameorodhesha vigawo vya 7: 1 na 7, −1 na −7. Amejumlisha, kapata 8 na −8. Hakuna jozi inayotoa −6. Akapiga mstari kwa rula, akaandika: "Hauna mizizi." Nilipomuuliza kwa nini, akajibu kwa adabu, "Mwalimu, si hauvunjiki?" Maana yake, hauandikiki kama zao la mabano mawili.

Hesabu zake zote ni sahihi. Kosa liko kwenye hitimisho, na hitimisho hilo nalikuta kila muhula, hata kwa watu wazima wanaowasaidia watoto kazi za nyumbani. Nimechoka kulisahihisha daftari moja moja.

Unapohangaika na vigawo vya 7 namna ile, unatafuta mizizi iliyo namba kamili. Ukiikosa, umethibitisha kwamba mizizi si namba kamili, basi. Anayemtafuta mbuzi zizini akamkosa hana haki ya kutangaza kwamba mbuzi amekufa.

Chukua x² − 6x + c = 0, ubadilishe c peke yake. Kamilisha mraba, yaani ufanye upande wa kushoto uwe mraba wa mabano mamoja: (x − 3)² = 9 − c. Sasa tazama upande wa kulia tu. c ikiwa 8, unabaki na 1, na mizizi ni 2 na 4. c ikiwa 9, unabaki na sifuri, na 3 inajirudia. c ikiwa 7, unabaki na 2, kwa hiyo x = 3 ± √2, yaani takriban 4.414 na 1.586. Chora grafu uone: ya 7 inaukata mhimili wa x mara mbili, sawasawa na ya 8. Tofauti ni kwamba haikati kwenye alama nzima za rula yako.

Tena, hata hilo neno "hauvunjiki" linahitaji kubanwa. Yule kijana alitafuta namba mbili zenye jumla −6 na zao 7. Zipo! Ni −3 + √2 na −3 − √2. Jumlisha, vipeuo vinafutana, unapata −6. Zidisha, unapata 9 − 2, yaani 7. Kwa hiyo mlinganyo unavunjika vizuri kabisa: (x − 3 − √2)(x − 3 + √2) = 0. Useme hauvunjiki kwa namba kamili, nitakubaliana nawe.

Mtu ataniambia hiyo 7 nimeichagua kwa makusudi. Haya, tuchukue x² + bx + c = 0, b na c zikiwa namba kamili kuanzia 1 hadi 10. Hiyo ni milinganyo 100. Yenye mizizi halisi, yaani ambayo b² − 4c si hasi, ni 62. Inayovunjika kwa namba kamili ni 14 tu. Hesabu mwenyewe, haichukui muda. Milinganyo 48 iliyobaki kati ya hiyo 62 ina mizizi halali, na mwanafunzi wa imani ile ataiandikia yote "hauna". Mazoezi ya vitabuni ndiyo yanayomdanganya, kwa sababu karibu yote ya mwanzo yamechaguliwa yavunjike.

Ndiyo maana nina shaka na mpangilio wetu wa kufundisha: vigawo kwanza, kukamilisha mraba baadaye, fomula mwisho. Al-Khwarizmi, Baghdad ya karne ya 9, aliutatua x² + 10x = 39 kwa mchoro: aliongeza kipande cha pembeni chenye eneo la 25, mraba ukatimia kuwa 64, akapata 3. (Mzizi wa pili, −13, hakuuhesabu kwa kuwa hakukubali namba hasi.) Hakuhitaji kubahatisha vigawo. Ningependa kuanza hivyo darasani, ila wanafunzi wengi hukwama kwenye kuchukua nusu ya b pale b inapokuwa namba witiri, na sijaona njia ya kuwavusha bila kuwachosha.

Fomula yenyewe ni kukamilisha mraba kulikofanywa mara moja kwa ax² + bx + c = 0, a, b na c zikiwa zozote; sitaieleza hapa. Kabla ya kugusa vigawo, kokotoa b² − 4ac. Ikiwa ni mraba kamili (0, 1, 4, 9 na kuendelea), vunja. Ikiwa ni chanya lakini si mraba kamili, nenda kwenye fomula na uache kupoteza dakika za mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda. Ikiwa ni hasi, hapo ndipo unaandika kwamba hakuna mizizi halisi.

Na neno "halisi" liandike, usilimeze. c ikiwa 10 kwenye mfano wetu, (x − 3)² = −1, na grafu inaelea juu ya mhimili bila kuugusa. Atakayeendelea na hisabati kidato cha tano na sita atakutana na namba changamano, zenye i ambayo mraba wake ni −1, na mlinganyo huohuo utampa 3 + i na 3 − i. Jumla yake 6, zao lake 10.