Kupunguza Tumbo kwa Endoskopi: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoenea zaidi kuhusu tiba hii ya kupunguza uzito ni kwamba daktari hukata sehemu ya tumbo, yaani mfuko wa chakula, na kuiondoa. Hivyo ndivyo ilivyo katika upasuaji wa kupunguza tumbo, lakini katika endoskopi hakuna kinachotolewa. Daktari hupitisha mdomoni mrija unaopindika, wenye kamera na kifaa cha kushonea nchani, akaushusha hadi tumboni. Kisha hushona kuta za tumbo kwa ndani, na kila anapokaza uzi, kuta hizo hukaribiana na kujikunja kama kitambaa kinachotiwa marinda, hata mfuko uliokuwa mpana ukabaki mwembamba. Ngozi ya nje haiguswi.

Kwa kuwa hakuna kisu, wengine hudhani ni jambo dogo, kama kung'oa jino. Dhana hii ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa maana humfanya mtu aende bila kujiandaa. Mgonjwa hupewa nusukaputi, na siku za mwanzo kichefuchefu na maumivu ya tumbo ni ya kawaida. Katika utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet, asilimia 2 ya waliotibiwa walipata madhara makubwa, ingawa hakuna aliyefariki.

Je, mafuta hunyonywa? La, hayaguswi kabisa. Mtu hupungua kwa sababu hushiba mapema na chakula hukawia kutoka tumboni.

Wapo pia wanaoamini kwamba mshono hufanya kazi yote peke yake. Katika utafiti huohuo, waliotibiwa walipunguza wastani wa asilimia 13.6 ya uzito wao kwa mwaka mmoja, yaani kilo 13 na nusu hivi kwa mtu wa kilo 100. Lakini walifanya hivyo huku wakisimamiwa mlo na mazoezi. Waliopewa usimamizi huo bila mshono hawakufikisha hata asilimia 1, kwa hiyo si haki kudai kwamba mshono hauna maana. Hata hivyo, nyuzi zinaweza kulegea na uzito ukarudi, na ndiyo maana mgonjwa huanza kwa vyakula vya majimaji, akafuata vilaini, na vigumu vikasubiri wiki kadhaa hadi mikunjo ishikane.