Uzamivu wa saikolojia ya kiforensiki kwa mtandao: hesabu ianzie kwenye leseni

Anayetaka kusomea kwa mtandao uzamivu wa saikolojia ya kiforensiki, yaani saikolojia inayotumika mahakamani na magerezani, huanza kwa kuuliza chuo gani ni kizuri. Kwangu mimi hilo ni swali la tatu. La kwanza ni kazi gani unataka kuifanya ukimaliza, na la pili ni utaifanyia jimbo gani. Nazungumzia Marekani, kwa sababu huko ndiko programu nyingi zinazotangazwa kwa jina hili ziliko, na huko kila jimbo lina bodi yake ya leseni na masharti yake.

Kazi za fani hii ziko mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la wenye leseni: kupima kama mshtakiwa ana uwezo wa kiakili wa kukabili kesi, kutathmini hali ya akili yake wakati wa tukio, kukadiria hatari ya mtu kurudia ukatili, kuandika ripoti ya malezi wazazi wanapogombea watoto, kisha kupanda kizimbani kama shahidi mtaalamu. Fungu la pili halidai leseni: kufundisha, kutafiti, kutathmini miradi ya urekebishaji magerezani, kuwashauri mawakili juu ya uteuzi wa wajumbe wa juri, yaani raia wanaoamua kesi. Matangazo mengi hukuchorea fungu la kwanza, ilhali shahada inayouzwa inakufikisha la pili. Na katika majimbo mengi hata jina "mwanasaikolojia" linalindwa na sheria, kwa hiyo huwezi kulibandika mlangoni kwako eti kwa kuwa una uzamivu.

Neno linalowachanganya watu kuliko yote ni "ithibati". Kuna ithibati ya chuo, inayotolewa na wakala anayetambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani. Bila hiyo hakuna mkopo wa serikali kuu, na vyuo vingine vitasita kuitambua shahada yako. Halafu kuna ithibati ya programu, ambayo kwa saikolojia hutolewa na Chama cha Saikolojia cha Marekani, APA. Katika ngazi ya udaktari, yaani uzamivu, APA hutoa ithibati kwa saikolojia ya kliniki, ya unasihi na ya shule. Saikolojia ya kiforensiki peke yake haimo, na programu ya mtandaoni asilimia 100 haipati, kwani viwango vyao vinadai angalau mwaka mmoja wa kuhudhuria masomo ana kwa ana kwa muda wote. Utakutana na sentensi kwamba APA iliitambua saikolojia ya kiforensiki kuwa fani bobezi mwaka 2001. Ni kweli, lakini kutambua fani si kuipa programu ithibati, na mwandishi wa tangazo anajua tofauti hiyo vizuri tu.

Kwa hiyo anayetaka leseni, ushauri wangu ni atafute udaktari wa saikolojia ya kliniki wenye mkondo wa kiforensiki, hata kama ni wa mseto unaokulazimu kusafiri. Anayetaka kutafiti au kufundisha anaweza kuchukua ule wa mtandaoni kamili bila wasiwasi mkubwa.

Kabla ya kulipa ada ya maombi, fanya hivi. Tangu 2020 kanuni za serikali kuu zinavitaka vyuo vinavyotoa programu za kuelekea leseni viweke wazi kama programu inakidhi masharti ya kila jimbo. Tafuta ukurasa huo, lisome jimbo lako, uhifadhi nakala yenye tarehe. Kisha nenda kwenye tovuti ya bodi ya jimbo na usome kanuni zenyewe, kwani maelezo ya chuo yanaweza kuwa yamepitwa na wakati. Penye utata, iandikie bodi barua pepe ukitaja jina kamili la programu, na utunze jibu. Usiishie kwa ofisa wa udahili. Kazi yake ni kujaza nafasi.

Baada ya masomo kuna saa za vitendo. Mafunzo ya mwaka yanayotambuliwa na APPIC, chombo kinachoratibu nafasi hizo, hayapungui saa 1,500, na lazima yakamilike kati ya miezi 9 na 24. California inadai jumla ya saa 3,000, nusu yake baada ya kupata udaktari. Kisha unakuja mtihani wa leseni uitwao EPPP: maswali 225 kwa saa 4 na dakika 15, ambapo 175 tu ndiyo huhesabiwa na mengine yanajaribiwa kwa ajili ya mitihani ijayo. Majimbo mengi hutaka alama 500, ambazo ni za kipimo maalumu, si idadi ya majibu sahihi.

Mwanafunzi wa mtandaoni hukwama zaidi kwenye saa hizo. Chuo chenye majengo huwa na uhusiano wa miaka na hospitali na magereza ya jirani. Wa mtandaoni mara nyingi huambiwa ajitafutie. Gereza litataka mkataba na chuo, ukaguzi wa historia yako na mafunzo ya usalama, na mambo haya yanaweza kula miezi. Anza kutafuta mwaka mzima kabla. Hakikisha msimamizi ni mwanasaikolojia mwenye leseni hai katika jimbo hilo, maana saa zilizosimamiwa na mtaalamu wa fani nyingine zinaweza kukataliwa zote. Kila wiki jaza daftari la saa na lisainiwe wiki hiyohiyo. Msimamizi akihama kabla ya kusaini, saa zako zimehama naye.

Je, mtandao unafundisha nini vizuri? Sheria, bila shaka. Kesi ya Dusky ya 1960, iliyoweka kipimo cha uwezo wa kukabili mashtaka, au Daubert ya 1993, iliyompa jaji wa mahakama za shirikisho jukumu la kuchuja ushahidi wa kitaalamu, husomeka vilevile popote ulipo. Takwimu nazo hazina shida.

Upimaji ndio unaokataa. Chukua PCL-R, kipimo cha saikopathia, yaani hulka ya kutojali wengine wala kujuta. Kina vipengele 20, kila kimoja hupewa 0, 1 au 2, na jumla haizidi 40. Kwa kusoma ni rahisi. Lakini alama hutokana na mahojiano marefu pamoja na jalada: rekodi za polisi, shule, gereza. Mtu anasema alipendana sana na nduguze, jalada linaonyesha amri ya mahakama ya kumzuia asiwakaribie. Unatoa 1 au 2? Unajifunza kuamua kwa kupima kesi ileile na mzoefu, kisha kubishana kipengele kwa kipengele mpaka alama zenu zikaribiane. Utafiti wa Daniel Murrie na wenzake uliochapishwa 2013 ulionyesha kwamba wataalamu walioamini wameajiriwa na upande wa mashtaka walielekea kutoa alama za juu kuliko walioamini wameajiriwa na utetezi, kwa majalada yaleyale. Wakili atakuuliza hilo kwenye maswali ya dodoso, na atakuuliza pia ni nani aliyekusimamia ulipojifunza.

Tasnifu ina mtego wake. Ukitaka kutafiti wafungwa, kanuni za shirikisho zinawahesabu kuwa kundi la kulindwa, na kamati ya maadili lazima iwe na mjumbe mfungwa au mwakilishi wa wafungwa. Kisha idara ya magereza ina kamati yake, na inaweza kukataa. Wakati huo chuo kinaendelea kukutoza kila muhula, kwani ada ya tasnifu mara nyingi haikomi hadi utetee. Hukumu za mahakama zilizo wazi kwa umma, data zilizohifadhiwa na watafiti wengine, au majaribio ya juri ya kuigiza kwa watu wazima huru hukuvusha haraka zaidi. Ukishikilia wafungwa, ipate barua ya idhini ya gereza kabla ya kuandika sura ya mbinu, kwa sababu gereza likibadilisha sharti moja tu, sampuli na hesabu zake zote zinaandikwa upya.