Kivuli cha nafsi: tunavyodhani na ilivyo kweli

"Upande wangu uliojificha ni ubaya mtupu"

Dhana hii imeenea kuliko zote, na nadhani ndiyo iliyoumiza wengi. Carl Jung, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi (1875–1961), aliuita upande huo kivuli. Hakuwa na maana ya shetani aliyejibanza moyoni. Kivuli ni yale yote ambayo mtu ameyakana kuwa si yake: hasira na wivu, naam, lakini pia ujasiri, kipaji, kicheko, hata hamu ya kupumzika.

Mtazame mtoto wa miaka sita anayelia. Anaambiwa, "Nyamaza, mwanamume halii." Ananyamaza, na hapohapo anasifiwa. Kifua bado kinapanda na kushuka, kamasi anaifuta kwa kiganja, lakini somo limeshamwingia: machozi yanamkosesha mtu kupendwa. Miaka thelathini baadaye yuko msibani, macho makavu, koo limemkaba, na watu wanamwita jasiri. Alichokificha hapo ni huzuni yake, na sehemu ya upendo wake imefichika pamoja nayo. Vivyo hivyo binti aliyeambiwa ana kiherehere kila alipouliza swali. Leo anakaa kikaoni na jibu sahihi mdomoni, asiliseme.

"Najijua mwenyewe kuliko mtu yeyote"

Kwa mambo fulani, ni kweli. Mwaka 2010 mwanasaikolojia Simine Vazire alionyesha kwamba mtu huipima hofu na wasiwasi wake vizuri kuliko rafiki zake wanavyompima. Lakini kwenye sifa ambazo tunatamani tuonekane nazo, kama akili na ubunifu, rafiki waliona vizuri zaidi kuliko mwenyewe. Miaka mingi kabla yake, 1955, wanasaikolojia Joseph Luft na Harrington Ingham walikuwa wameshachora dirisha lao la Johari, mchoro wa kujitambua wenye vyumba vinne. Kimoja kati ya hivyo ni cha yale ambayo wenzako wanayaona kwako na wewe huyaoni. Wahenga walilisema kwa ukali zaidi: nyani haoni kundule.

Njia mojawapo ya kukichungulia chumba hicho ni kuangalia nani anakukera kupita kiasi. Niliwahi kufanya kazi na mwenzangu aliyezoea kusema, "Hapana, leo siwezi," bila kutoa maelezo. Nilimwona mvivu na mwenye dharau. Jioni moja nikajikuta naandika ujumbe mrefu wa kukubali kazi ya nne ambayo sikuitaka, macho yananiuma kwa uchovu, na yeye ndiye aliyenijia akilini. Alikuwa analitamka kwa wepesi neno ambalo mimi nililizika tangu utotoni. Ndilo lililokuwa linanichoma.

Lakini tahadhari hapa, maana jambo hili hutumiwa vibaya. Aliyekudhulumu amekudhulumu. Si kila uchungu ulio nao kwa mtu ni kivuli chako, na asije mtu akakunyamazisha kwa maneno hayo.

"Nikiyapuuza yatakufa yenyewe"

Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaomba watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na wagonge kengele kila anapowajia akilini. Kengele ziliendelea kulia. Waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, dubu aliwajia mara nyingi zaidi kuliko walioruhusiwa tangu mwanzo. Wazo moja tu lisilo na uzito wowote lilifanya hivyo. Fikiria basi aibu ya miaka ishirini.

"Kuukubali ni kuuachia ufanye utakavyo"

Hapa ndipo wengi wanaogopa, na ninawaelewa. Wapo pia wanaofundisha kwamba hasira itolewe yote, upige mto mpaka uchoke. Utafiti wa mwanasaikolojia Brad Bushman wa 2002 unaonyesha vingine: waliopiga mfuko wa mazoezi ya ngumi huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira nyingi kuliko waliokaa kimya bila kufanya lolote.

Kukubali ni kazi ya utulivu zaidi. Ndugu yako anakupigia simu, amepata ulichokuwa unakiomba kwa miaka. Unampongeza, na tumboni kuna kitu kinajikunja. Badala ya kujisuta, unakiri moyoni: huu ni wivu, na nyuma yake kuna kitu ninachokitaka sana. Humsemi vibaya ndugu yako, wala hukati simu.

"Huo uliojificha ndio mimi halisi"

Hapana. Upole wako ni wako, na hasira yako ni yako.

"Nitayachimba yote peke yangu, mara moja"

Mengine ni mazito. Kama yaliyofichika yamefungamana na kupigwa, kunajisiwa au kufiwa ghafla, na kila ukiyakaribia usingizi unakatika, mwili unatetemeka au unajihisi hauko hapo ulipo, simama. Nenda kwa mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili. Na si lazima usimulie yote siku ya kwanza. Unaweza kuanza kwa kumwambia tu kwamba kuna jambo bado huwezi kulisema.