Chiptuni ni nini? Msikilize jamaa aliyetunga muziki wa Mario

Kama umewahi kucheza Mario kwenye vile vimashine vya kuchomeka kwenye TV, ule muziki wake nishakurudishia kichwani saa hii, pole. Basi ile ndo chiptuni. Wengi wanadhani chiptuni ni muziki wowote wa kielektroniki wenye mlio wa kitoto kitoto, hawajakosea sana ila sio yenyewe. Chiptuni ni muziki ambao haujarekodiwa popote, hakuna aliyeingia studio, ndani ya kaseti ya gemu kuna maagizo tu, piga noti hii, ikae muda huu, haya nyamaza, halafu chipu ya mashine inaupiga hapo hapo we ukiwa unacheza. Yaani hujauziwa CD ya bendi, umepewa karatasi ya noti na mpiga kinanda amekaa sebuleni kwako.

Kwa nini wasirekodi tu? Nafasi. Super Mario Bros. ya 1985 nzima, picha, njia, maadui, muziki, vyote vimekaa kwenye kilobaiti 40, selfi moja ya simu yako inazidi hapo mara nyingi.

Mtunzi wake ni Koji Kondo, mzaliwa wa Nagoya, Japani, 1961, alianza kinanda cha umeme akiwa mdogo, akasoma chuo cha sanaa Osaka, Nintendo, kampuni inayotengeneza gemu za Mario, wakamwajiri 1984. Mashine aliyopewa, Famicom, ilikuwa na sauti tano basi. Mbili ni kali kali, hizo mara nyingi ndo zinabeba melodi. Moja laini, kawaida inapiga besi, na hiyo haina hata volyumu ya kupandisha na kushusha, ni inalia au imenyamaza. Ya nne ni mchakacho mtupu kama redio iliyopotea stesheni, ila ukiukatakata vipande vifupi unageuka ngoma. Ya tano inacheza vipande vidogo vilivyorekodiwa, navyo vina mikwaruzo balaa. Na hizo hizo sauti ndo zinatumika pia kwa milio ya gemu, kwa hiyo Mario akiruka, ule mlio wa kuruka unaupokonya muziki sauti moja kidogo kisha unairudisha. Siku ukiipata hiyo gemu rukaruka mfululizo bila kwenda popote usikilize, utaona muziki unapungua nyama.

Mi kinachonifurahisha kwa Kondo ni kwamba hakutunga ngoma kwanza halafu akaibandika kwenye gemu. Wimbo wa kwanza aliomtungia Mario ulikuwa wa polepole, wa mtu anayetembea zake uwanjani, alipoujaribu kwenye gemu akaona mbio na miruko ya Mario haviendani nao kabisa, akautupa akaanza upya. Ukiingia chini ya maji biti inabadilika inakuwa ya moja-mbili-tatu, ya kuogelea, na muda ukibaki chini ya 100 muziki unakimbia mpaka mikono inatoka jasho.

1986 ikaja Zelda, gemu nyingine ya Nintendo. Mwanzoni walitaka kufungulia na Boléro, muziki wa okestra wa Ravel, mtunzi wa Kifaransa, kumbe haki miliki ilikuwa haijaisha, na gemu iko mlangoni kutoka. Kondo akakaa usiku mmoja akatoa kitu kingine, na ndo hicho mashabiki wa Zelda wanachokiimba mpaka leo. 2023 ule wimbo wa Mario ukaingizwa kwenye orodha ya sauti za kuhifadhiwa ya Maktaba ya Bunge la Marekani, muziki wa kwanza wa gemu kuingia humo.

Super Famicom ilipotoka 1990 sauti zikawa nane, na chipu yake inachezesha vipande vilivyorekodiwa vya ala, hapo watu wanabishana kama bado ni chiptuni au la. Kwangu bado, maana noti zinapigwa palepale, sio wimbo mzima umerekodiwa. Na faida yake utaisikia kwenye Super Mario World: Mario akimpanda Yoshi, yule dinosaria wake, ngoma za mkono zinaingia juu ya wimbo ule ule bila kuukatisha, akishuka zinanyamaza, wimbo unaendelea zake.