Paka, mtoto na kamba: ukilazimika kuachia kimoja, achia kipi?

Kuna swali ambalo wazazi huniuliza wakiwa tayari wameshika kitasa cha mlango. Chanjo imeshachomwa, paka amerudi kwenye boksi lake amenuna, mtoto anavuta pindo la nguo ya mama yake. "Daktari, hivi naweza kuwatoa nje wote wawili pamoja?" Huuliza kwa sauti ya chini, kama wanaoomba ruhusa ya kufanya upuuzi. Si upuuzi. Inawezekana, na ikienda vizuri ni raha kuitazama. Ila kabla hujatoka, jibu kwanza swali langu: mambo yakiharibika ghafla, utamwachia nani?

Mimi sikuwa nimejiuliza. Binti yangu alikuwa na miezi 20, na Kijivu, paka wetu, alikuwa ameshavaa mkanda wa kifuani ndani ya nyumba kwa wiki kadhaa. Kwa kujiamini kwa kidaktari nikatoka nao peke yangu. Dakika za mwanzo zilikuwa tamu. Mtoto anaokota kijiwe, paka ananusa jani. Mtoto anachuchumaa kutazama sisimizi, paka naye kajikunyata pembeni, wote wawili kimya, hakuna mwenye haraka ya kwenda popote. Nikawaza, kumbe hawa mwendo wao ni mmoja! Mara mtu akawasha pikipiki nyuma ya ukuta.

Kijivu hakukimbia mbele. Alirudi kinyumenyume, akainamisha kichwa, akabana mabega, na mkanda ukampita masikioni kama fulana inavyovuliwa. Nikauachia mkono wa mtoto ili nimdake paka. Nilimdaka, akanichana kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja. Nilipogeuka, binti yangu alikuwa amebakiza hatua chache kufika barabarani, anacheka.

Mshika mbili moja humponyoka, tumeimbiwa tangu utotoni. Lakini kitakachoponyoka ni vizuri ukichague wewe, na ukichague ukiwa bado nyumbani. Kinachoachiwa ni kamba ya paka, siku zote. Ukishakubali hilo moyoni, maandalizi mengine yote yana kazi moja: kuhakikisha kwamba siku utakapoiachia, paka bado atarudi.

Tuanze na mkanda, maana ndipo wengi wanapokosea. Paka hafungwi kamba shingoni. Akishtuka atajikaba au atachomoka. Mtulinga wake, ule mfupa unaounganisha bega letu na kidari, kwake ni kijiti kidogo kinachoelea katikati ya misuli, hakijaungana na mifupa mingine. Ndiyo maana panapopita kichwa chake, kwa kawaida na mabega hupita. Tafuta mkanda mpana wa kuvaa kama kizibao, unaobana kifua vizuri, huku vidole viwili vikipita kati yake na manyoya. Mvalishe ndani kwa siku nyingi. Mwanzoni ataanguka ubavu kana kwamba amepooza, au atatembea kama mlevi. Usimcheke, na usimwinue. Akishazoea, funga milango, simama mbele yake na uivute kamba taratibu, umwache arudi nyuma. Akiweza kuchomoka sebuleni, nje atachomoka haraka zaidi. Mimi jaribio hili sikulifanya, na alama ninayo mkononi.

Kamba iwe nyepesi na bapa, mita 2 hivi. Zile zinazojikunja ndani ya kishikio cha plastiki sizipendi hata kidogo. Kishikio kikikuponyoka kinagonga chini na kumfuata paka nyuma kwa kelele, naye anaamini anakimbizwa. Atakimbia mpaka kamba inase mahali. Kamba ya kitambaa ikianguka haisemi kitu.

Halafu kuna chipu. Ni kidude cha ukubwa wa punje ya mchele kinachochomwa chini ya ngozi, katikati ya mabega. Watu wengi hudhani kinaonyesha paka alipo. Hapana, hakina betri. Kinatoa namba tu pale kinapopitishiwa kifaa cha kuisomea, na namba hiyo ina faida iwapo simu iliyoandikishwa nayo bado ni yako. Kwa hiyo mshonee pia kitambaa chenye namba yako ya simu kwenye mkanda. Dume ambaye hajahasiwa sikushauri kabisa umtoe, kwani akiponyoka ana sababu zake za kutorudi. Chanjo ziwe zimekamilika, ya kichaa cha mbwa ikiwemo, na dawa za minyoo na viroboto ziwe zimetolewa. Hapa naomba nikazie: dawa ya viroboto ya mbwa usimpake paka. Nyingi zina permethrini, na mwili wa paka hauwezi kuivunja vizuri. Huanza kutetemeka, hufuata degedege, na wapo wanaokufa.

Sasa mahali. Sisi tunasema "matembezi", lakini paka hatembei kwa maana yetu. Mbwa anafurahia njia mpya kila siku. Paka anataka kipande kilekile cha ardhi akikague upya, kona kwa kona, kuona nani alipita. Chagua sehemu moja ndogo, yenye ukuta au ua upande mmoja, uende hapohapo kila mara, saa zilezile za utulivu. Huo ndio mtaji wako: paka aliyeponyoka mahali anapopajua hujificha karibu, na aliyeponyoka ugenini huenda usimwone tena. Tena kimya chako si kimya chake. Sikio la binadamu linaishia kwenye sauti nyembamba ya hezi 20,000 hivi, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, la paka linapita 60,000. Dakika 10 au 15 zinatosha sana.

Begi lake la kubebea liende nawe, na uliweke chini likiwa wazi tangu mnapofika. Nyumbani mlishie humo, alale humo, mpaka liwe pango lake. Lisipokuwepo pango, pango litakuwa mti, na makucha ya paka yamepindia upande wa kupandia. Kushuka inambidi ashuke kinyumenyume, ujuzi ambao wengi hawana, sembuse akiwa na kamba iliyonasa tawini.

Na mtoto? Nendeni watu wazima wawili, mmoja wa paka na mmoja wa mtoto, na msibadilishane katikati. Kamba isifungwe kwenye kigari cha mtoto. Paka akishtuka ataizungusha kwenye magurudumu, na kigari chepesi kinaweza kupinduka. Mtoto naye asiishike. Ataitaka, na atalia. Methali inasema mtoto akililia wembe mpe, lakini walioitunga hawakuwa na paka mwisho wa wembe. Mpe kazi nyingine. Wangu hubeba kopo lililofungwa lenye vitafunio vya Kijivu. Analitikisa, paka anageuza kichwa, na mtoto anajiona ndiye mwenye msafara.

Usitegemee kumkataza. Mtoto wa umri huu akiona mkia, mkono umeshafika kabla wewe hujasema "usi". Tegemea umbali. Kinachonitia hofu si mkia kuvutwa, ni hasira inayokosa mwenyewe: paka anamwona mbwa, hawezi kumfikia, damu inamchemka, anamgeukia aliye karibu. Aliye karibu, mwenye uso usawa wa makucha, ni mtoto. Masikio yakilala ubavuni, mboni zikijaa weusi, mkia ukipiga huku na kule na ngozi ya mgongo ikirukaruka, safari imekwisha. Paka aingie begini, zipu ifungwe, na asiguswe kwa saa kadhaa hata kama anaonekana ametulia. Akihema mdomo wazi kama mbwa, mpeleke kivulini. Asipotulia upesi, mlete kwa daktari.

Akimuuma mtu, usidanganywe na vitundu viwili vidogo. Meno ya paka ni kama sindano, yanazamisha vijidudu ndani na ngozi inajifunga juu yake. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Kinyesi chake kiokote papo hapo. Vimelea vya toksoplasma, ambavyo paka anaweza kumwambukiza binadamu, vikitoka na kinyesi huhitaji siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo kibichi ulichokiokota leo hakinitishi kama mchanga wa kuchezea ambao paka wasiojulikana wameufanya choo. Huko mtoto asikae, na mikono ioshwe mkirudi. Ardhi nayo ipime kwa nyuma ya kiganja: usipoweza kuvumilia sekunde 7, nyayo za paka haziwezi, wala magoti ya anayeangukaanguka.

Wapo paka ambao hata baada ya yote haya watakaa tu chini ya kiti wakitetemeka. Waache na dirisha lao.

Wiki iliyopita tulikuwa pale petu pa siku zote. Mume wangu alikuwa amerudi nyuma kuokota kofia iliyodondoka, kwa hiyo kwa muda kama wa nusu dakika nilikuwa peke yangu na wote wawili. Mbwa akachomoza pembeni ya ua, bila mtu nyuma yake. Nikaachia kamba, nikamnyanyua mtoto begani. Kijivu aliruka mara mbili akatumbukia begini, kamba ikimfuata kimya kama mkia wa pili. Mbwa alinusa hewa, akaendelea na safari zake. Binti yangu, kopo mkononi, akainama kutoka begani kwangu akachungulia tundu la begi. "Paka hodi," akasema.