Kujipenda kiroho maana yake nini hasa?

Mwambie mtu wa dini ajipende, huenda akakutazama kwa shaka. Tangu utotoni ameambiwa ubinafsi ni dhambi, mja mwema hujishusha, na nafsi ni ya kupigwa vita mpaka inyooke. Lakini humo humo katika mafundisho yake imo amri ya kumpenda jirani kama anavyoipenda nafsi yake. Sasa anayeichukia nafsi yake atampenda jirani kwa kipimo gani?

Kujipenda kiroho ni kuichukua nafsi yako kuwa ni amana uliyokabidhiwa na Muumba, ukaitunza, ukaikemea inapokosa na kuisamehe inapotubu, bila kungoja kwanza istahili. Kwa kuwa ni amana, huna ruhusa ya kuiharibu, na kwa kuwa si mali yako, huna sababu ya kuiabudu. Ufafanuzi wangu unaishia hapo. Yaliyobaki ni kuonyesha kwa nini jambo linaloonekana jepesi hivi huwashinda hata wacha Mungu.

Kwanza tulitenganishe na kujiamini, maana siku hizi haya mawili huuzwa kwa pamoja. Kujiamini hutafuta pa kuegemea: sura, kazi, elimu, sifa za watu. Kile ulichokiegemea kikiondoka, nako kunaondoka. Sina ugomvi na wanaosimama mbele ya kioo kila asubuhi wakajiambia “mimi ni wa thamani”, ila naona maneno hayo hayafiki mbali endapo anayeyasema ndiye shahidi pekee. Mtu wa imani husema thamani yake ilishatamkwa kabla hajafanya lolote, na aliyeitamka si yeye.

Maandiko nayo, ukiyasoma juu juu, yanaonekana kupingana. Mambo ya Walawi 19:18 yanaamuru mtu ampende jirani kama nafsi yake, na Yesu anairudia amri hiyo katika Marko 12:31. Kisha waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya 3, unawataja “wenye kujipenda wenyewe” mwanzoni kabisa mwa orodha ya waovu wa siku za mwisho. Mtakatifu Augustino (354–430), askofu na mwalimu wa Kanisa la kale, aliona tofauti iko katika mahali mtu anapojiweka. Kuna kujipenda kunakomfanya mtu ajione kilele cha kila kitu hata amdharau Mungu, na kuna kujipenda kwa yule anayempenda Mungu, ambaye kwa kufanya hivyo tu tayari ameitakia nafsi yake mema kuliko yote.

Kwa upande wa Uislamu, Qurani inaitaja nafsi katika hali zaidi ya moja. Ipo inayoamrisha maovu (12:53), ipo inayojilaumu (75:2), na ipo iliyotulia, inayoitwa irudi kwa Mola wake ikiwa radhi na ikiwa imeridhiwa (89:27–28). Wanazuoni wengi wamezisoma kuwa ni hali za nafsi moja inayolelewa. Ukilitazama hivyo, vita unavyopigana ni dhidi ya tabia ya nafsi. Nafsi yenyewe inatakiwa ifike salama.

Kisa ninachokiona kinalieleza jambo hili kuliko hotuba nyingi kimo katika hadithi aliyoipokea Bukhari, mkusanyaji mashuhuri wa hadithi za Mtume. Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwaunga udugu masahaba wake wawili, Salman na Abu Dardaa. Siku moja Salman akaenda kumtembelea nduguye, akamkuta mkewe, Ummu Dardaa, amevaa nguo chakavu. Alipomuuliza kulikoni, mama yule akajibu kwamba nduguyo Abu Dardaa hana haja na dunia. Abu Dardaa akaingia, akamwandalia mgeni chakula, akamwambia ale kwani yeye amefunga. Salman akasema hatakula mpaka nduguye naye ale. Wakala. Usiku Abu Dardaa akainuka kuswali. Salman akamwambia, lala. Akalala kidogo, akainuka tena, lala. Usiku ulipofika mwishoni Salman akasema, sasa amka, wakaswali pamoja. Ndipo akamwambia: Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na watu wako wa nyumbani wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipomfikia Mtume, akasema Salman amesema kweli.

Salman hakumbembeleza nduguye wala hakumwambia ajionee huruma. Alizungumza lugha ya haki, kana kwamba Abu Dardaa alikuwa na deni asilolilipa. Halafu ile nguo chakavu: aliyejinyima kwa jina la ibada alikuwa ameshaanza kumnyima na mkewe. Anayejikatili mara chache hukomea kwake mwenyewe. Anayejikatalia kupumzika humwona anayepumzika kuwa mvivu, na asiyejisamehe huhesabu makosa ya wanawe kwa ukali ule ule.

Katika Ukristo aliyelipanga jambo hili kwa mpangilio wa kushangaza ni Bernardo wa Clairvaux (1090–1153), mtawa wa Ufaransa. Alisema upendo una ngazi nne. Mwanadamu huanza kwa kujipenda kwa ajili yake mwenyewe. Akipatwa na shida humpenda Mungu, lakini kwa faida yake. Baadaye, akishaonja wema wa Mungu, humpenda Mungu kwa ajili ya Mungu mwenyewe. Ungedhani safari imeisha hapo. Bernardo anaweka ngazi ya nne juu ya hiyo, nayo ni mtu kujipenda kwa ajili ya Mungu, na anaiona ngumu mno kiasi kwamba haamini kama kuna anayeifikia kikamilifu akiwa bado duniani. Kwa hiyo anayedhani kujipenda ni somo la chekechea la kiroho, la kupitia haraka ili afike kwenye mambo makubwa, ameishika ngazi kichwa chini.

Wabuddha nao, ambao hawazungumzii Muumba, wana kisa cha Mfalme Pasenadi na Malkia Mallika, waliokiri kila mmoja kwamba hampendi mtu yeyote kuliko anavyoipenda nafsi yake. Buddha hakuwakaripia. Alisema, kwa vile kila mtu ni mpendwa kwake mwenyewe hivyo hivyo, ajipendaye asimdhuru mwingine.

Kujipenda huku hujaribiwa hasa dakika chache baada ya kukosea. Umesahau jambo uliloahidi, au umempandishia mtu sauti bila sababu. Sauti ya ndani inaanza: mjinga wewe, ndivyo ulivyo siku zote. Wengi huichukua sauti hiyo kuwa ndiyo toba. Toba hutaja kosa na kutafuta njia ya kulirekebisha: nilimkaripia, nitamwomba radhi kesho. Ile nyingine humtaja mtu, ikamhukumu mzima mzima, na asubuhi hakuna aliyeombwa radhi.

Ndiyo maana napenda utaratibu wa kujichunguza dhamiri wa Inyasi wa Loyola (1491–1556), mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti. Anaanza kwa kumshukuru Mungu kwa mema aliyopokea. Anaomba mwanga wa kuyaona makosa yake, ndipo anapoipitia siku saa kwa saa, kisha anaomba msamaha na kuazimia kujirekebisha. Shukrani imetangulia mashtaka. Ukiupindua mpangilio huo, ukaanza na mashtaka, mara nyingi usingizi utakuchukua kabla hujafika kwenye shukrani.

Inyasi aliyajua madhara ya kujishtaki kupita kiasi. Mwaka 1522, akiwa Manresa, mji wa Uhispania, aliandamwa na wasiwasi wa dhambi. Aliungama dhambi zile zile tena na tena, asipate utulivu, hata akapitiwa na wazo la kujiua. Ilikuwa na sura ya uchaji, kumbe ilikuwa inammaliza. Aliponyanyuka pale alipoamua kutoziungama tena dhambi zilizokwisha kusamehewa. (Leo anayefikiwa na mawazo ya namna hiyo asiishie kwenye sala peke yake, amwone daktari au mshauri nasaha upesi, na mwili nao una haki yake.) Alipokuja kuandika mwongozo wake wa mazoezi ya kiroho, alitenga humo maelezo mahususi juu ya wasiwasi wa namna hiyo, pamoja na ushauri kwamba roho inayozidi kujibana ielekezwe kwenye kiasi mpaka itulie.