Acheni Kuniuliza "Asilimia Ngapi?"

Wiki hii nimeulizwa tena, na safari hii sikuweza kutabasamu. Aliyeuliza ni rubani msaidizi, kijana mwerevu, anayeijua haidroliki ya ndege yake kuliko mimi. "Kapteni, nasikia mapatano yametoka. Asilimia ngapi?" Ni mapatano ya mkataba mpya kati ya chama chetu cha marubani na mwajiri, ambayo wanachama tutayapigia kura, na asilimia hiyo ni nyongeza ya malipo. Nikamwambia ishirini. "Basi mimi napiga ndiyo," akasema, akaenda zake kutafuta chai.

Asilimia ishirini ya nini? Hilo hakuuliza.

Nimekaa upande wa chama kwenye meza ya majadiliano muda wa kutosha kujua kwamba hakuna kitu chepesi kwa mwajiri kutoa kama asilimia. Huiweka ukurasa wa mbele, husomeka vizuri kwenye simu na hupendeza gazetini. Kinachomkosesha usingizi mhasibu wa kampuni kiko ndani huko, kwenye vifungu vya rosta, yaani ratiba ya kazi, ambavyo hakuna anayevipiga picha kuvirusha WhatsApp.

Haya, tupige hesabu. Tuseme saa ya bloku, inayohesabiwa tangu ndege inapoondoka maegesho hadi inapoegeshwa tena, inalipwa shilingi 5,000, na saa za uhakika, zile unazolipwa hata usipoziruka, ni 75 kwa mwezi. (Nimechagua 5,000 kwa sababu inazidishika bila kikokotoo, asije mtu akaniuliza ni kampuni gani hiyo.) Mwezi ambao hukuruka sana unapata 375,000. Mapatano mapya yanakuja na 6,000 kwa saa, yaani asilimia 20 kamili, lakini saa za uhakika zimeshuka hadi 65. Unapata 390,000. Nyongeza yako ni asilimia 4. Wakizishusha hadi 60, unapata 360,000: umeongezwa asilimia 20 na umepunguziwa shilingi 15,000, na uliipigia makofi.

"Lakini Kapteni, mimi naruka saa 80 kila mwezi." Ndiyo, Agosti. Ndiyo, Desemba, Diani imejaa na Malindi hakuna kitanda. Mei je? Masika yamekolea, hoteli kadhaa zimefunga milango zinapaka rangi, na ndege yako imelala mchana kutwa hapo uwanjani Moi. Saa za uhakika ziliandikwa kwa ajili ya Mei.

Sasa tuje kwenye kifungu kinachonipandisha presha, kwa sababu sisi wa kituo cha Mombasa ndicho kinachotugusa kuliko wenzetu wote. Unaripoti saa kumi na moja alfajiri. Unakwenda Nairobi, unarudi. Unakaa. Mchana unakwenda tena, unarudi, unamaliza saa kumi jioni. Umekuwa kazini saa 11. Bloku ni kama saa moja kila mruko, kwa hiyo umelipwa saa 4. Zile saba nyingine umezikaa na sare, kwenye chumba chenye kiyoyozi kinachodondosha maji, huwezi kwenda kwako Mtwapa, huwezi kulala usingizi wa maana, na simu lazima iwe wazi.

Wenzetu wa mashirika makubwa nje walilipigania hili zamani: kila saa mbili za kuwa kazini, ulipwe angalau saa moja, hata kama hukuruka. Siku yetu ile ya saa 11 ingelipwa saa tano na nusu badala ya nne. Fanya siku kumi na saba za namna hiyo kwa mwezi. Bila kifungu umeruka saa 68, unalipwa zile 75 za uhakika. Kwa kifungu unalipwa saa 93 na nusu. Kwa bei ileile ya zamani ya 5,000, bila kuongezwa hata ndururu, hiyo ni 467,500. Na yule aliyepata asilimia 20 bila kifungu? Saa 75 kwa 6,000: 450,000.

Nyongeza ya sifuri imeshinda nyongeza ya ishirini. Na hata hivyo pesa si faida kubwa ya kifungu hicho. Kampuni ikishalipia kukaa kwako, mpangaji rosta ghafla anagundua kwamba miruko minne inaweza kuisha kabla ya saa sita mchana. Miaka yote tuliambiwa haiwezekani kitaalamu!

Kifungu cha kituo, yaani mji unaopangiwa kufanyia kazi, sitakielezea kwa urefu, kila mwenye mtoto shuleni Nyali anajua ninachosema. Tafuteni palipoandikwa ni notisi ya muda gani inatosha kukuhamishia Nairobi na nani analipa gari la vyombo. Kama hapakuandikwa, ni wewe.

Na msidhani haya ni mambo yangu mimi mkorofi. Mgomo wa marubani wa Kenya Airways wa Novemba 2022, watu waliokwama viwanjani walidhani ni vita vya mshahara. Moja ya madai makubwa lilikuwa mchango wa mwajiri kwenye mfuko wa akiba ya uzeeni, uliokuwa umesimamishwa. Marekani, Julai 2023, marubani wa FedEx, kampuni ya kusafirisha mizigo, waliletewa mapatano yenye nyongeza ya asilimia 30. Wakayakataa, asilimia 57 kwa 43. Hao ni watu wanaosoma mpaka kurasa za nyuma.

Nikisema hivi, wale wa kambi nyingine wanafurahi. "Basi tupige hapana, watarudi na zaidi." Taratibu, yakhe. Hapo pia pana ushabiki.

Mfano wao kila siku ni United, shirika la ndege la Marekani. Ni kweli: mwaka 2022 marubani wa United waliyakataa mapatano kwa asilimia 94, na Septemba 2023 wakapitisha mengine yaliyo bora zaidi kwa asilimia 97. Lakini katikati hapo palitokea nini? Machi 2023 marubani wa Delta walitia saini nyongeza ya asilimia 34 kwa miaka minne, wakati mashirika yote ya kule yanagombania marubani baada ya korona. United haikuwa na pa kujificha tena. Je, "hapana" ndiyo iliyowapa, au ni Delta? Nadhani ni vyote viwili, ila kipimo cha kuthibitisha hilo hakipo, na anayekwambia anacho anakuuzia kitu.

FedEx nao walisema hapana, wakati mizigo ya anga imepungua na kampuni inabana matumizi. Mwaka uliofuata kampuni ikapoteza kandarasi kubwa ya posta ya Marekani, ambayo ilichukuliwa na mshindani wake, UPS. Miaka miwili baada ya kura, marubani bado walikuwa mbele ya wasuluhishi kwa mishahara ya mkataba wa zamani. Kwa sheria yao ya kazi za reli ya 1926, iliyopanuliwa hadi mashirika ya ndege mwaka 1936, mkataba haufi tarehe yake ikipita. Unaendelea kama ulivyo, na huwezi kugoma mpaka bodi ya usuluhishi ikuachilie. Kwa hiyo kusema hapana kuna gharama, na gharama yenyewe ni muda. Kapteni aliyebakiza miaka miwili kustaafu hana muda wa kugharamia.

Ami yangu, mstaafu wa bandari, yeye hofu yake ni kinyume. "Mwanangu, mkikataa si mnagoma kesho? Na mimi nina tiketi." Hapana, Ami. Hapa kwetu, chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, mzozo unapelekwa kwanza kwa msuluhishi, anayepewa siku 30. Ukishindikana, bado inatakiwa notisi ya maandishi ya siku 7. Waongoza ndege wamo kwenye orodha ya huduma muhimu zisizogoma. Marubani hatumo, lakini mahakama inaweza kuusimamisha mgomo wetu vilevile, kama ilivyowaamuru wale wa Kenya Airways mwaka 2022 warudi kazini baada ya siku chache. Na mkisema ndiyo pia si mwisho: mkataba haufanyi kazi mpaka usajiliwe Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Nguo za nyongeza msizikopee kabla ya hapo.

Kuna jambo ambalo kwenye semina za chama huwa hatulisemi kwa sauti. Sisi wajadili tunachoka. Ukishakesha wiki kadhaa juu ya kifungu kimoja, unakipenda hata kikiwa kibovu, kwa sababu ulikihangaikia. Kamati ikikwambia "haya ndiyo bora yaliyokuwepo", inaamini hivyo kwa dhati, na huenda si kweli. Tena wengi wetu kwenye kamati ni makapteni wenye mvi. Kukiwa na kitita kimoja cha pesa, kukipeleka kwenye kiinua mgongo cha wazee au kwenye saa za uhakika za vijana ni uamuzi, na walioufanya wana maslahi. Sijawahi kuona fomula ya haki ya kugawa kitita hicho. Wingi wa kura unaamua, na wingi unaweza kabisa kuwauza wachache.

Kura yangu mwenyewe sijaiamua. Saa za uhakika zimebaki 75, hilo nimelihakikisha kwa macho yangu. Kifungu cha kukaa kimeandikwa kwamba kitatumika "pale ratiba inaporuhusu", na ratiba anaipanga nani? Cha kituo bado hatujakiona. Kamati imesema nakala italetwa Ijumaa baada ya swala, ofisini Magongo. Njooni na kalamu, na yule kijana wa haidroliki mleteni hata kwa kumburuta.